Ukipanga tovuti, soma sheria za ploti

Mtu wa Pwani akifika mtaa wa Pipeline, Nairobi, kwa mara ya kwanza, shingo humuuma kwa kutazama juu. Ghorofa zimebanana ukuta kwa ukuta, nguo zimeanikwa kwenye kila roshani, na chini njiani jua hufika saa sita tu, tena kwa kuchungulia. Huko ndiko anakokaa mpwa wangu, orofa ya tano, chumba kimoja, na humo ndimo ilimo biashara yake.

Anauza vitu vya kwetu: mabuyu, achari ya embe, kashata, viungo vya pilau. Mzigo hupanda basi Mombasa usiku, asubuhi uko Nairobi. Alianza kwa kuwatumia watu picha kwenye simu. Wateja walipozidi, akatafuta fundi wa kompyuta pale pale mtaani, akatengenezewa tovuti nzuri yenye picha, bei na pahali pa kuagiza.

Wiki moja kabla ya Ramadhani, wakati ambao maagizo huwa mengi kuliko mwezi mwingine wowote, tovuti ilizimika. Kila aliyeifungua alikuta ukurasa mweupe wenye mstari mmoja wa Kiingereza, kwamba akaunti hii imesimamishwa. Akanipigia simu usiku.

"Mjomba, wamenifungia duka na kodi nimelipa ya mwaka mzima!"

Nilimuuliza kama alisoma masharti alipojiandikisha. Akacheka kicheko cha mtu asiye na raha. "Nani husoma, mjomba? Mimi nilibonyeza nimekubali, basi."

Makala haya ni kwa ajili yake na wengi walio kama yeye, hapa Mombasa, Kilifi, Lamu na kwingineko, wanaofungua tovuti za biashara, za madrasa, za vyama vya akina mama na za nyumba za wageni bila kujua wametia saini kitu gani.

Tovuti inakaa wapi?

Tovuti haielei hewani. Ni mafaili, na mafaili hukaa ndani ya kompyuta kubwa isiyozimwa usiku wala mchana. Kompyuta hiyo huitwa seva. Wachache sana wanaweza kununua seva yao, kwa hivyo tunapanga nafasi kwenye seva ya kampuni. Kwa bei ya chini, ile wanayoimudu wafanyabiashara wadogo, unapewa chumba ndani ya seva moja pamoja na mamia ya wateja wengine usiowajua.

Hapo ndipo Pipeline inapotusaidia kuelewa. Kwenye ploti ya mpwa wangu, tangi la maji ni moja, ngazi ni moja, na stima inaingia kwa waya mmoja mkubwa kabla ya kugawanywa. Mpangaji mmoja akiunganisha jiko la umeme na koili ya maji kwa pamoja, fyuzi inakatika na orofa nzima inalala gizani. Akiacha mfereji wazi usiku, asubuhi majirani hawana maji. Ndiyo maana kwenye lango kuna karatasi iliyobandikwa: usifanye hiki, usifanye kile. Mwenye ploti ameiandika kwa kuwa paa ni moja.

Kanuni za matumizi za kampuni za tovuti ni karatasi ile ile ya langoni, ila imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili na ina kurasa kumi.

Mambo yanayokatazwa

Ukizisoma kanuni za kampuni mbalimbali utaona zinafanana. Zinaangukia mafungu manne.

La kwanza ni matumizi ya kupita kiasi. Tangazo linasema nafasi haina kikomo, lakini ndani ya kanuni kikomo kipo: nguvu ya seva utakayotumia kwa wakati mmoja, idadi ya mafaili, ukubwa wa hifadhidata. Tena nafasi hiyo ni ya tovuti, si ghala. Ukiweka humo video zote za harusi za ukoo, au nakala za kompyuta ya afisi, umevunja kanuni hata kama nafasi imebaki. Kuchimba sarafu za kidijitali kwa nguvu ya seva pia hakuruhusiwi, kwa sababu hiyo ni stima ya jirani.

La pili ni baruapepe za kuwasumbua watu. Kampuni nyingi huweka kikomo cha barua unazoweza kutuma kwa saa moja, na hukataza kutumia orodha ya anwani iliyonunuliwa au kuokotwa. Sababu ni hii: wateja wote wa seva moja mara nyingi hutumia anwani moja ya mtandao, kama vile wapangaji wote walivyo na lango moja. Yapo mashirika, Spamhaus likiwa mojawapo la maarufu, yanayoweka orodha ya anwani zinazotuma taka. Anwani ikiingia kwenye orodha hiyo, barua za kila mpangaji zinakataliwa, hata za mwalimu anayetuma matokeo ya mtihani. Kosa ni la mmoja na adhabu ni ya ploti nzima.

La tatu ni kazi za watu wengine. Filamu, nyimbo, vitabu na picha zina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, baada ya marekebisho ya 2019, inampa mwenye kazi njia ya kuiandikia kampuni inayohifadhi tovuti na kudai kazi yake iondolewe. Kampuni ikikaidi, inajiingiza yenyewe kwenye lawama. Kama seva iko Marekani, huko kuna sheria ya 1998 yenye utaratibu wa namna hiyo. Kwa hivyo usishangae kampuni ikiondoa kwanza na kukuuliza baadaye.

La nne ni uhalifu wenyewe: kurasa za uongo zinazojifanya benki, programu za kuiba nywila, picha chafu za watoto, vitisho dhidi ya watu. Hapa kampuni haikufungii tu. Inaweza kukukabidhi kwa serikali. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inasema anayetengeneza tovuti ya kuwalaghai watu watoe siri zao anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 300,000, au kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Anayeingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa, faini yake inafika milioni 5.

Mpwa alikosea wapi?

Utauliza, muuza mabuyu ana uhusiano gani na wezi wa benki? Mimi pia niliuliza. Tuliandikia kampuni, na baada ya siku mbili wakajibu. Ndani ya tovuti yake kulikuwa na ukurasa uliofichwa wenye nembo ya benki, na usiku mmoja akaunti yake ilikuwa imetuma maelfu ya barua.

Si yeye aliyefanya. Fundi aliyemtengenezea, ili kuokoa pesa, alitumia sura ya tovuti ambayo kwa kawaida huuzwa, akaipata bure kwenye mtandao wa wizi. Vitu vya bure vya namna hiyo mara nyingi huja na mlango wa nyuma. Aliyeuweka mlango aliingia siku aliyotaka, akapika alichotaka kwenye jiko la mpwa wangu.

Na hili ndilo sharti ambalo wengi hawalijui: karibu kampuni zote zinasema mwenye akaunti anawajibika kwa kila kitendo kinachofanywa kupitia akaunti hiyo, ajue asijue. Kusasisha programu za tovuti ni juu yako. Kutunza nywila ni juu yako. Ukimpa mtu ufunguo wa chumba chako, naye akaleta wageni wabaya, keateka atabisha mlango wako wewe.

La kuumiza zaidi, mpwa hakuwa na nakala. Alidhani kampuni inamhifadhia. Kanuni zilisema wazi kwamba nakala za kampuni ni za hisani tu na mteja ajihifadhie mwenyewe. Picha zote, bei zote na orodha ya wateja wa miaka miwili vilikuwa ndani ya chumba kilichofungwa. Ramadhani ilianza akiwa anaandika upya majina ya wateja kwa kukumbuka, moja moja, kwenye daftari la shule.

Data za watu si zako

Daftari lile lilinikumbusha jambo jingine. Orodha ya wateja ni majina, namba za simu na pahali watu wanapokaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayezishika azilinde. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, anatakiwa kuiarifu Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Kusema "seva si yangu" hakukuondolei wajibu huo, maana wateja walikupa wewe.

Wala tusidhani sheria hiyo ni ya kampuni kubwa tu. Mnamo Septemba 2023, afisi hiyo iliitoza Roma School faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu ya burudani ya Casa Vera shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Wenye madrasa, shule na hoteli huku kwetu, mnaopenda kupamba tovuti kwa nyuso za watoto na wageni, hapo pana somo.

Kabla ya kubonyeza nimekubali

Sisemi kila mtu asome kurasa kumi. Lakini yapo mambo matano ya kuuliza, na kampuni nzuri itayajibu bila kuzungusha. Vikomo halisi vya nguvu, mafaili na barua ni vipi? Ikitokea shida, mtanipa onyo na muda wa kurekebisha, au mtafunga kwanza? Mkinifungia, nitaruhusiwa kuchukua mafaili yangu, na kwa siku ngapi? Nakala huhifadhiwa na nani? Seva iko nchi gani?

Kisha uliza jina la tovuti limeandikishwa kwa nani. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KENIC na huuzwa na mawakala wake. Mafundi wengi huandikisha kwa jina lao. Siku mkikosana, au fundi akihama mtaa, umepoteza hata kibao cha duka. Hakikisha jina ni lako na baruapepe iliyoandikwa ni yako.

Nyumbani nako kuna kazi ndogo. Kila mwisho wa mwezi teremsha nakala, uiweke kwenye diski au kompyuta nyingine. Nywila ya fundi ibadilishwe kazi ikiisha. Usikubali kitu cha kuuzwa kilichopatikana bure. Mwulize fundi ushahidi wa malipo kama unavyomwuliza fundi bomba risiti ya mabomba.

Na wenye ploti nao

Nikimaliza hapo nitakuwa nimempiga mpangaji peke yake, na hiyo si haki. Kampuni inayouza kwa Kiswahili kwenye mabango, halafu inaweka masharti kwa Kiingereza kigumu, inajua vizuri kwamba hayatasomwa. Neno "bila kikomo" lenye kikomo ndani yake ni neno la udanganyifu. Na kumfungia mfanyabiashara duka bila hata simu moja, akiwa ameathiriwa na wezi, ni kumwadhibu aliyevunjiwa mlango. Kufunga ukurasa wa wezi mara moja ni sawa, tena ni lazima, maana kila saa inayopita kuna mtu anaibiwa. Lakini baada ya kuufunga, mwenye duka apewe mafaili yake na aelezwe kwa lugha anayoielewa.

Ukurasa mmoja wa Kiswahili ungetosha. Mwenye ploti ya Pipeline ameweza kuandika sheria zake kwa mistari minane, kwa kalamu ya wino mzito, na hakuna mpangaji anayesema hakuelewa.

Mpwa alifunguliwa siku ya kumi na moja, baada ya kusafisha kila kitu na kulipa fundi mwingine. Mafaili yake aliyapata, ila msimu ulikuwa umeshaenda na mabuyu mengine yalibaki chini ya kitanda. Sasa ana nakala mbili: moja kwenye diski, nyingine kwangu hapa Mombasa. Kila mwisho wa mwezi hunitumia, na kila ikifika humjibu neno moja: "Nimepokea."