Nyumba Moja, Mitandao Miwili: Mama Mwenye Biashara Alinde Vipi Kazi Yake

Katika miji yetu ya Pwani, nyumba moja hukusanya watu wengi: wazee, watoto, wageni wa likizo na pengine wapangaji wa chini. Laini ya intaneti aghalabu ni moja, na wote huitumia kwa neno la siri lile lile. Humo humo kuna mama anayeshona au anayeoka keki, ambaye ameweka katika kompyuta yake nambari za simu, vipimo na malipo ya wateja wake. Vitu hivyo ni amana. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Kwa hivyo tunaona vyema kueleza namna ya kuutenga mtandao wa kazi na ule wa nyumba nzima, bila ya kulipia laini ya pili.

Kinachohitajika ni ruta ya pili na waya mmoja. Ruta ya kwanza, iliyounganishwa na intaneti, ihudumie nyumba nzima. Tuipe anwani 192.168.1.1. Ruta ya pili ina nyuso mbili. Uso wa nje, unaoelekea ruta ya kwanza, tuupe 192.168.1.2, uso wa ndani, unaoelekea chumba cha kazi, tuupe 192.168.2.1. Kompyuta za kazi zitapata anwani zinazoanza na 192.168.2, na lango lao litakuwa 192.168.2.1. Kwa kipimo cha 255.255.255.0, kila upande una nafasi ya vifaa 254. Tuangalie tu pande mbili zisipewe nambari za aina moja, kwani ruta nyingi hutoka dukani zikiwa na anwani zinazofanana, na hapo ruta haitajua kitu kiko upande gani.

Wengi hukwama katika njia ya kurudi. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Na ujumbe wa kompyuta nao una marejeo yake. Ruta ya pili inajua kwamba safari zote za nje hupitia 192.168.1.1. Lakini ruta ya kwanza haijui kuwa kuna mtandao wa 192.168.2.0 nyuma ya mwenzake, hivyo jibu hulitupa nje kwenye intaneti, likapotea. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya ruta ya kwanza na kuiandikia njia: anayekwenda 192.168.2.0 apitie 192.168.1.2. Ruta nyingine za nyumbani hazina nafasi ya kuandika njia hiyo. Ikiwa ni hivyo, ruta ya pili iachwe ibadilishe anwani za ndani ziwe yake yenyewe, nayo majibu yatarudi kwake.

Baada ya hapo tujaribu. Amri ya ping, iliyobuniwa na Mike Muuss mwaka 1983, ni mfano wa kupiga hodi na kungoja karibu. Tukiwa kwenye kompyuta ya kazi, tubishe mlango mmoja baada ya mwingine: kwanza 192.168.2.1, kisha 192.168.1.2, kisha 192.168.1.1, halafu 1.1.1.1 iliyo nje, na mwisho jina la tovuti yoyote. Mlango wa kwanza ukiwa kimya, tutazame waya au anwani ya kompyuta. Wa pili ukijibu na wa tatu ukanyamaza, njia ya kurudi haijaandikwa sawasawa. Nambari zote zikijibu ila jina likakataa, kasoro iko kwenye huduma inayogeuza majina kuwa anwani.

Bado kazi haijakwisha. Ruta kazi yake ni kuunganisha, na kuunganisha peke yake si kulinda. Katika ruta ya pili tuwashe ukuta wa ulinzi, uzuie kila hodi inayoanzia upande wa nyumba, na uruhusu zile zinazoanzia chumba cha kazi. Kisha tuchukue simu iliyo upande wa nyumba, tujaribu kuifikia kompyuta ya kazi. Safari hii kimya ndicho tunachokitaka.

Wazazi nao wana faida yao. Katika ruta ya kwanza, huduma ya majina inaweza kuwekwa 1.1.1.3, ambayo huzuia tovuti nyingi za uchafu. Kinga hiyo haishindi jicho la mzazi, na kijana mjanja aweza kuikwepa kwa bando la simu yake.

Mwisho, tubadilishe maneno ya siri ya ruta zote mbili, na tuandike anwani zote kwenye karatasi iwekwe kabatini. Siku mtandao utakapokatika na fundi yuko mbali, karatasi hiyo itamwonyesha yeyote aliyeko nyumbani pa kuanzia kubisha hodi.