UFUNGUO WA KANISA LA KABURI TAKATIFU
Jinsi dini na siasa zinavyochanganyika katika ugomvi wa mahali patakatifu

Kila siku kabla ya jua kuchomoza, katika mji wa kale wa Yerusalemu, Mwislamu mmoja husimama mbele ya mlango wa kanisa mashuhuri mjini humo. Mtawa aliye ndani hupitisha ngazi ndogo katika kitundu cha mlango. Bawabu huipokea, huipanda, hufungua kufuli la juu, kisha hushuka na kufungua la chini. Ndipo Wakristo waingie kusali mahali ambapo, kwa imani yao, Bwana Yesu alisulubiwa, akazikwa na kufufuka.

Huenda mtu akauliza: Je, Wakristo hawana mtu wa kushika ufunguo wa kanisa lao? Wanao wengi, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Kanisa hilo lina wenyewe sita: Waorthodoksi wa Kiyunani, Wakatoliki, Waarmenia, Wakopti wa Misri, Waethiopia na Washami. Hakuna hata mmoja wao ambaye wengine wangekubali awe na ufunguo. Kwa sababu hiyo jamaa mbili za Waislamu wa Yerusalemu ndizo zenye kazi hiyo: jamaa ya Joudeh hutunza ufunguo, na jamaa ya Nuseibeh hufungua mlango. Desturi hiyo husemwa kuwa imetoka siku za Salahuddin, aliyeuteka mji mwaka 1187.

ANAYEFAGIA NDIYE MWENYEWE

Ili kuufahamu ugomvi wa mahali hapo, yafaa kwanza kujua sheria moja isiyoandikwa. Mkulima yeyote aijua. Jirani akizoea kutengeneza ua ulio mpakani, na asikatazwe, siku moja atasema kwamba ua ni wake, na tena shamba lililo nyuma yake. Ndivyo ilivyo Yerusalemu. Anayefagia ngazi, anayetundika taa au anayetengeneza paa huhesabiwa kuwa ndiye mwenye haki ya mahali hapo. Basi ufagio si ufagio tu, bali ni hati ya kumiliki. Kazi ya usafi huko yaweza kuleta vita. Na ndivyo ilivyotokea Desemba 2011 katika Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu mjini Bethlehemu, ambapo makasisi wa Kiyunani na wa Kiarmenia walipigana kwa fagio hata polisi wakaja kuwaamua.

Juu ya mlango wa Kanisa la Kaburi Takatifu, chini ya dirisha, kuna ngazi ya mbao. Ngazi hiyo imeonekana katika picha tangu karne ya 18. Haina kazi yoyote, lakini haiondolewi, maana kuiondoa ni kudai kuwa na amri juu ya mahali ilipo.

WAFALME WANAPOINGIA

Magomvi ya watawa peke yao yangebaki kuwa magomvi ya majirani. Yalikuwa makubwa kwa sababu kila upande ulikuwa na mlinzi wake mwenye majeshi. Nchi hiyo ilikuwa chini ya Masultani wa Uturuki tangu 1517 hata 1917. Mfalme wa Ufaransa alijifanya mlinzi wa Wakatoliki, na mapatano ya 1740 yalimthibitishia jambo hilo. Mfalme wa Urusi naye alijifanya mlinzi wa Waorthodoksi. Mwaka 1757 Sultani alitoa amri ya kugawanya haki za kila kundi, na amri hiyo iliwapendeza Wayunani na kuwachukiza Wakatoliki.

Kisha, mwaka 1847, nyota ya fedha yenye maandishi ya Kilatini iliyokuwa katika pango la Bethlehemu ikatoweka. Wakatoliki wakawashtaki Wayunani kwamba ndio walioiiba. Huko Paris, Napoleon III alikuwa akihitaji kuungwa mkono na Wakatoliki wa nchi yake, akadai haki zao kwa ukali. Huko Urusi, Mfalme Nicholas I naye hakukubali Waorthodoksi wapunguziwe hata kidogo, na tena alidai kuwa mlinzi wa raia wote wa Sultani walio Waorthodoksi, ambao walikuwa mamilioni. Sultani akawa kama nyasi katikati ya fahali wawili. Mwaka 1852 alitoa amri ya kuithibitisha desturi ya zamani, na huku akiwapa Wafaransa ahadi nyingine.

Mwaka 1853 majeshi ya Urusi yakaingia katika nchi zilizokuwa chini ya Sultani, na mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa zikaingia vitani upande wa Uturuki. Hivyo ndivyo vita vya Krimea, vilivyokwisha 1856. Watu mamia ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi. Haifai kusema kwamba nyota peke yake ndiyo iliyoleta vita. Urusi ilitamani njia ya bahari kupita Istanbul, na Waingereza waliogopa Warusi wasipate nguvu upande wa mashariki. Lakini tamaa hizo zilipata vazi la dini, na askari aliyekuwa hajui habari za bahari alielewa mara moja alipoambiwa kwamba mahali patakatifu pameonewa.

Mwaka 1878, katika mapatano ya Berlin, mataifa makubwa yaliandika kwamba hali ya mahali patakatifu isibadilishwe. Waingereza walipotawala huko baada ya Waturuki, waliifuata desturi hiyo hiyo.

WATAWA WA KIAFRIKA JUU YA PAA

Katika habari hizi Afrika nayo ina sehemu yake. Juu ya paa la Kanisa la Kaburi Takatifu kuna vijumba vidogo vya watawa wa Ethiopia, mahali paitwapo Deir es-Sultan. Wakopti wa Misri husema kwamba mahali hapo ni pao, na Waethiopia walikaribishwa kama wageni. Waethiopia husema kwamba wao ndio wenyewe tangu zamani, ila hati zao ziliteketezwa baada ya tauni ya 1838 kuwaua watawa wao wengi. Makanisa hayo mawili ni ndugu katika imani. Tena kanisa la Ethiopia lilikuwa likipokea askofu wake mkuu kutoka Misri kwa karne nyingi, na mwaka 1959 likapata patriaki wake.

Tazama sasa jinsi siasa ilivyoingia. Mwaka 1961 mji wa kale ulikuwa chini ya Jordani. Serikali yake ikawapa Waethiopia haki ya mahali hapo, kisha baada ya majuma machache ikaisimamisha amri yake. Mwaka 1967 Israeli iliuteka mji katika vita ambavyo Misri ilikuwa adui yake, na Ethiopia ilikuwa rafiki. Usiku wa Pasaka wa 1970, Wakopti walipokuwa wakisali chini kanisani, Waethiopia walibadili makufuli ya njia iendayo paani. Wakopti wakaenda mahakamani, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Israeli ikaona kwamba walistahili kurudishiwa funguo, lakini ikaiachia serikali kuamua juu ya haki yenyewe. Kamati ikaundwa, miaka ikapita, na funguo zikabaki kwa Waethiopia. Mwaka 2002 mtawa wa Kikopti alisogeza kiti chake kivulini. Waethiopia wakaona ni kuvuka mpaka, na watu 11 wakajeruhiwa.

LILILOWEZEKANA

Desturi ya kutobadilisha kitu imezuia damu mara nyingi, lakini ina gharama yake. Tetemeko la ardhi la 1927 lilitia nyufa katika kanisa, na kwa kuwa wenyewe hawakupatana juu ya nani atengeneze, Waingereza walilitegemeza kwa miti na vyuma. Kijumba kinachofunika Kaburi lenyewe kilifungwa mikanda ya chuma mwaka 1947, nacho kikakaa hivyo karibu miaka 70.

Hatimaye hatari ya kuanguka ikawashinda. Wayunani, Wakatoliki na Waarmenia walipatana, kila kundi likatoa fedha, na Mfalme Abdullah wa Jordani, aliye Mwislamu, akachangia pia. Kazi ilianza 2016 ikamalizika Machi 2017. Hakuna aliyeacha dai lake, wala aliyepewa ufunguo. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba nyumba wanayoigombania ikianguka, hapatakuwa na cha kugombania. Na asubuhi iliyofuata, bawabu alikuja kama kawaida, akapokea ngazi, akafungua mlango.