Mzigo Upimwe Kabla ya Kuinuliwa

Msimu wa uchumaji ukikaribia kila mmoja wetu hutazama sakafu yake ya kuanikia, ghala na paa. Mafundi huitwa, saruji hununuliwa, kazi huanza. Twakumbuka kila kitu ila mgongo wa fundi. Juu ya jambo hili tuna la kujifunza kwa wenzetu wa Moshi.

Wapagazi wanaopandisha mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro hujiita “wagumu”. Lakini mgongo haujui jina. Ndiyo sababu malangoni, kama pale Machame, mizigo hupimwa kwa mizani kabla ya safari. Kanuni yataka mzigo wa kampuni usizidi kilo 20 kwa mpagazi mmoja. Tena tangu mwaka 2003 uko Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, unaoangalia kama kampuni zawatendea ipasavyo.

Basi na tufanye hesabu. Mfuko wa saruji ni kilo 50, yaani mizigo miwili na nusu ya mpagazi. Ni kweli, mpagazi hutembea siku kadhaa na fundi hatua chache tu. Lakini kuinua toka chini, tena na tena, ndiko kunakoutesa mgongo. Baina ya pingili za uti wa mgongo mna mito laini. Mtu akiinama na kujipinda huku ameshika kitu kizito mbali na mwili, mito hiyo hubanwa vibaya. Ukitokeza mmoja na kugusa mshipa wa fahamu, maumivu hushuka hadi mguuni.

Kuanguka mkarafuu huonekana na wote. Maradhi haya huja haba na haba, na fundi hunyamaza asije akanyimwa kazi.

Kwa hiyo yafaa tufanye haya. Mfuko uinuliwe na watu wawili, au uchukuliwe kwa toroli. Vifaa vizito viwekwe kimo cha kiuno, si chini. Mwenye kuinua akunje magoti, aukumbatie mzigo karibu na tumbo, na ageuke kwa miguu, si kwa kiuno. Anayesakafia kwa kuchutama apewe nafasi ya kusimama na kujinyoosha.

Toroli hununuliwa mara moja. Mgongo ulioharibika hauuzwi dukani.