Guingamp: Mji wa watu 7,000 uliobeba Kombe la Ufaransa mara mbili

UKIWAKUSANYA wakazi wote wa Guingamp, kuanzia kitoto kichanga hadi bibi kizee, ukawaingiza Uwanja wa Roudourou, hata nusu hawaujazi. Mji una watu kama 7,000 tu. Uwanja unachukua 18,000 hivi. Siku ya mechi mashabiki wanatoka vijijini, kwenye mashamba na mabanda ya ng'ombe ya Bretagne, kaskazini magharibi mwa Ufaransa. Wapinzani wakiwazomea kuwa ni wakulima, jamaa wanalipokea jina hilo kwa kifua mbele.

Mto Trieux unakatiza mjini. Karne ya 15 palijengwa ngome ya nguvu, ila karne ya 17 Kardinali Richelieu akaamuru ibomolewe, na leo iliyobaki ni minara mitatu na vipande vya kuta. Kanisa kuu nalo lina upande mmoja wa mtindo wa kale na mwingine wa mtindo mpya, kwa sababu mnara wake uliporomoka mwaka 1535, wakajenga upya kwa fasheni ya wakati huo.

Kwenye soka, mtu wa kumtaja ni Noël Le Graët, mfanyabiashara wa vyakula vya kugandisha. Aliichukua En Avant Guingamp mwaka 1972 ikicheza ligi za mkoa, nayo ikapanda hadi Ligue 1 mwaka 1995. Mwaka huohuo akawa meya!  Baadaye akapanda hadi urais wa shirikisho la soka la Ufaransa, alikojiuzulu 2023.

Didier Drogba alipita hapa. Alitua Januari 2002 akitokea Le Mans, hana jina. Msimu wa 2002/03, akiwa na Florent Malouda pembeni, alitupia mabao 17 ya ligi na timu ikamaliza ya saba. Marseille wakambeba, mwaka uliofuata Chelsea. Guingamp bila yeye? Ilishuka daraja 2004.

Halafu ikaja Mei 9, 2009. Fainali ya Kombe la Ufaransa, Stade de France, watu 80,000, dhidi ya Rennes, kaka mkubwa wa Bretagne. Guingamp walikuwa daraja la pili. Rennes wakatangulia kwa bao la Carlos Bocanegra, Mbrazili Eduardo akajibu mara mbili, 2-1. Kabla yao timu ya daraja la pili iliyowahi kulibeba ni Le Havre peke yake, mwaka 1959. Mwaka mmoja tu baadaye mabingwa hao wakashuka hadi daraja la tatu. Lakini 2014, wakiwa wamerudi Ligue 1, wakakutana na Rennes walewale, fainali ileile. Wakashinda 2-0.

Msimu wa mwisho Ligue 1 ndio uliotia uchungu. Januari 9, 2019, robo fainali ya Kombe la Ligi, walikwenda Paris kwa PSG waliokuwa wamelitwaa mara tano mfululizo. Marcus Thuram akakosa penalti. Marcus Thuram akakosa penalti. Yeni Ngbakoto, Mkongo, akasawazisha kwa penalti nyingine, na dakika za nyongeza ikatoka ya tatu. Thuram akaubeba mpira tena. Safari hii hakukosa, 2-1.

Siku kumi baadaye wakarudi uwanja uleule kwa mechi ya ligi, PSG wakiwa na hasira zao. Mbappé matatu, Cavani matatu, Neymar mawili, Meunier moja. Tisa bila!

Fainali ya Kombe la Ligi wakafika hata hivyo, Strasbourg wakawatoa kwa matuta. Kwenye ligi wakamaliza mkiani. Thuram akaenda Borussia Mönchengladbach, Guingamp ikaenda Ligue 2.