Kitabu cha maboyi wa Elisabethville

Zamani kitabu kilikuwa cha watu wachache, juu kila kopi iliandikwa na mkono. Karibu mwaka 1455, kule Mainz katika Ujerumani, Gutenberg alichapisha Biblia na herufi za chuma. Tangu pale, maneno ya mtu mmoja yaliweza kufikia maelfu.

Lakini mu Kongo ya wakoloni, vitabu vingi vilitoka kwa wamisionere na serikali. Mara nyingi mwenyeji alikuwa wa kusoma tu.

Mu 1965, André Yav aliandika historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa jina la chama cha watu waliofanya kazi za nyumbani kwa wazungu. Kiliitwa "Vocabulaire", kwa Kiswahili cha Katanga, kimepigwa na mashini. Kinaongea juu ya Leopold II, Msiri, na maisha ya boyi. Mu 1990, mwalimu Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Leo redio na telefone vinashinda kitabu mbio. Lakini neno la redio linapita, lenye kuandikwa linabakia. Wazee wa kwenu, nani anaandika yao?