Dakika ya Kwanza: Mchezo wa Simu Katika Mafunzo ya Wakunga

Mtoto anayezaliwa bila kupumua huhitaji kuanza kusaidiwa ndani ya takribani dakika moja. Katika vijiji vya ufukoni, kuanzia Msimbati hadi mlango wa Mto Ruvuma, dakika hiyo haisubiri gari la kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Humkuta mkunga wa zahanati akiwa na kitambaa kikavu, mfuko wa kupumulishia na barakoa yake.

Takribani mtoto 1 kati ya 10 huhitaji msaada ili aanze kupumua. Wengi wao huitikia wakikaushwa na kusuguliwa mgongo. Wachache ndio wanaohitaji kupumulishwa. Kwa hiyo, zahanati yenye wazazi wachache yaweza kupitisha miezi mingi bila kumpata mtoto wa namna hiyo, na ujuzi usiotumika hufifia.

Utafiti wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ulilidhihirisha jambo hili. Baada ya mafunzo ya siku moja, wahudumu walifanya vizuri zaidi kwenye sanamu ya mafunzo, lakini huduma katika chumba cha kujifungulia haikubadilika. Yalipoanzishwa mazoezi ya dakika chache kila wiki, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kilicholeta tofauti ni marudio.

Hapa ndipo mchezo wa kidijitali unapopata nafasi yake. Mfano ni LIFE, uliobuniwa na Chuo Kikuu cha Oxford kwa kushirikiana na watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust nchini Kenya. Mchezaji huingia katika hospitali ya kwenye kioo cha simu, hukabidhiwa mgonjwa wa dharura, huchagua vifaa na kuamua hatua inayofuata. Akikosea husahihishwa, kisha hurudia. Kosa linalofanyika hapo halimdhuru mtu, na mtoto asiyepumua aweza "kuzaliwa" kila jioni, hata pale ambapo zahanati haijampata kwa mwaka mzima.

Hata hivyo, tusiutwike mchezo mzigo usio wake. Simu hufundisha mpangilio wa hatua na wepesi wa kuamua. Haiufundishi mkono kuibana barakoa usoni mwa mtoto hewa isivuje, wala jicho kutambua kifua kinapoinuka. Hayo hupatikana kwenye sanamu, chini ya uangalizi wa mwenzi mwenye uzoefu.

Ushauri wetu kwa waganga wafawidhi ni huu: sanamu isifungiwe kabatini kusubiri semina. Ikae karibu na kitanda cha kujifungulia, wakunga waipumulishe kila wiki kwa dakika chache, na mchezo wa simu uwakumbushe hatua katikati ya wiki. Haba na haba hujaza kibaba. Na dakika ya kwanza itakapofika, mikono iwe imekwisha kuizoea.