Mama mkubwa aliona vijiti tu

Mwezi wa nane tulikuwa na sendofu ya binamu yangu, ukumbi uko nyuma kidogo ya barabara kuu hapa Mwanjelwa. Kadi zilitoka nzuri mno: jina la bibi harusi kwa herufi za dhahabu, zile zenye mistari minene inayogeuka ghafla kuwa miembamba kama unywele, na vimguu vidogo kwenye ncha. Kamati ikapenda. Mimi, mwanasayansi wao, nikasema bango la barabarani nalo liwe kwa fonti ileile. Kijana wa steshenari akachukua faili akalikuza.

Siku ya siku mama mkubwa, aliyetoka Tukuyu, akalipita bango mchana kweupe. Tulimpata Mafiati, amenuna. "Bango gani? Mimi nimeona vijiti tu."

Nililirudia bango lile na rula, na kusema kweli mama alikuwa sahihi.

Vile vimguu huitwa serifu, na fonti yetu ilikuwa Playfair Display, iliyotoka 2011 na inapatikana bure. Ukoo wake ni wa karne ya 18. John Baskerville wa Birmingham, aliyechapa kitabu chake cha kwanza 1757, alitafuta karatasi laini na wino mweusi zaidi, kisha akakandamiza kurasa kati ya sahani za shaba za moto ili mistari myembamba ionekane safi. Baada yake akina Didot kule Paris na Giambattista Bodoni kule Parma wakaikonda mistari hiyo hadi ikabaki uzi.

Unene wenyewe haugawanywi ovyo. Unafuata mkono wenye kalamu ya nibu: ukishuka unakandamiza, wino unatanuka; ukipanda unalegeza. Ndiyo maana N kubwa ina mshazari mnene, lakini nguzo zake mbili ni nyembamba. A ina mguu mnene wa kulia tu. H ina nguzo nene na daraja jembamba.

Sasa ondoa uzi wote. N inabaki mshazari mmoja. H inakuwa vijiti viwili. HARUSI inakuwa fumbo.

Lakini uzi unaondokaje kwenye bango lenye herufi za sentimita 20? Jicho halipimi sentimita, linapima pembe. Herufi ya sentimita 20 ukiwa mita 40 inachukua pembe sawasawa na herufi ya milimita 2 kwenye kadi uliyoishika sentimita 40 kutoka usoni. Yaani kwa mtu aliye kwenye bajaji, bango letu kubwa lilikuwa maandishi madogo! Jicho zima kwa kawaida hutenganisha vitu vilivyoachana kwa dakika moja ya pembe, ambayo ni sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa mita 40 hiyo ni kama milimita 12. Uzi kwenye bango letu nilipoupima ulikuwa milimita 4, mistari minene 35. Uzi kama huo haukatiki ghafla, unafifia: jicho linauchanganya na weupe wa pembeni. Mweusi ungeweza kubaki kama kivuli. Wetu ulikuwa dhahabu juu ya nyeupe, tena kwenye jua.

Neno "Display" kwenye jina la fonti lilikuwa linatuonya. Enzi za herufi za risasi, kila ukubwa ulichongwa peke yake, na fundi aliunenepesha uzi kwenye saizi ndogo. Leo faili moja linavutwa kwa saizi zote, na aina hii imechorwa kwa maandishi yanayoonekana makubwa machoni: kichwa cha gazeti, jina la jarida kama Vogue, jina la bibi harusi. Aya nzima kwa saizi 10 ni mateso, na ukiitoa fotokopi mara mbili e inapoteza daraja lake inasomeka c.

Kiswahili nacho kinaongeza tatizo, na hili sijaona likisemwa sana. Tunapenda m, n, u, i. Andika "umeninunulia" kwa Bodoni: kuna mistari minene ya wima 18 bila kuhesabu e na a, yote ya unene mmoja, imeunganishwa kwa nyuzi. Nyuzi zikififia unabaki na uzio wa mianzi. Mfaransa mwenye maneno yaliyojaa e na s hapati adha hiyo kwa kiasi chetu.

Kwa hiyo ukienda kuchapisha, gawa umbali wa msomaji kwa sentimita 40. Mita 40 ni mara 100. Basi mwambie fundi akupunguzie bango mara 100, alichape kwenye karatasi, ulishike kama kadi. Usiposoma hapo, barabarani hawatasoma. Ni shilingi chache za karatasi moja.

Wiki mbili baadaye ilikuwa harusi yenyewe. Bango safari hii lilikuwa na herufi nene zisizo na serifu, nyeusi juu ya njano, baya kama tangazo la gereji. Kamati ilinuna. Mama mkubwa alifika wa kwanza.